Grazalema, kijiji cheupe kwenye milima ya mvua

Kusini mwa Uhispania, katika mkoa wa Cádiz, jimbo la Andalusia, kuna kijiji kiitwacho Grazalema, chenye wakazi wapatao 2,000, ambacho kimejengwa karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, chini ya mwamba mkubwa wa kijivu unaoitwa Peñón Grande. Ni kimoja kati ya vile vijiji vyeupe vilivyotawanyika juu ya vilima na majabali kati ya mji wa Ronda na Bahari ya Atlantiki. Wageni wengi hufika kwa gari kutoka fukwe za Málaga, wakala chakula cha mchana uwanjani, wakapiga picha za kuta na vyungu vya maua, kisha wakaondoka kabla jua halijatua. Ninaandika makala hii kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba wanaofanya hivyo wanaondoka bila kuiona Grazalema. Kuta zake ni nzuri, wala sibishi, lakini kijiji hiki kimeumbwa na mvua na jiwe, na mtu hawezi kukielewa mpaka atoke kwa miguu, apande na kuteremka, afuate maji kule yanakokwenda.

Tuanze na mvua yenyewe, maana ndiyo inayomshangaza kila mgeni. Andalusia inajulikana kwa jua, mizeituni na majira ya joto yanayokausha kila kitu, lakini Grazalema hupata kwa wastani zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachoiweka miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote nchini Uhispania. Sababu yake ni rahisi. Upepo wenye unyevu unaotoka Atlantiki huvuka nyanda za chini za Cádiz bila kukutana na kizuizi chochote, na safu hii ndiyo milima mirefu ya kwanza kuukabili; hewa inalazimika kupanda, inapoa, na unyevu wake unageuka kuwa mawingu na mvua. Mimi nimekulia Lushoto, na sisi watu wa Usambara tunalijua jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa upepo wa Bahari ya Hindi hutufanyia vivyo hivyo: upande mmoja wa milima kuna msitu wa Amani unaotiririka maji, na upande wa pili, chini kabisa, kuna nyika kavu ya Mkomazi. Tofauti ni kwamba mvua ya Grazalema ni ya majira ya baridi. Huanza Oktoba, hushika kasi Novemba hadi Machi, na ikifika Juni anga hufungwa kabisa kwa miezi mitatu au zaidi.

Jambo la pili ni jiwe. Milima hii ni ya mawe ya chokaa, ambayo maji ya mvua huyayeyusha polepole kwa maelfu ya miaka, yakachimba nyufa, mashimo, mapango na mito ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mvua ile yote nyingi haikai juu. Unaweza kutembea juu ya uwanda wa mawe siku mbili baada ya dhoruba na usikute hata kijito, kisha ukateremka mita mia kadhaa ukaona mto mzima ukibubujika kutoka chini ya mwamba. Tena maji hayo hugawanyika: yale ya upande wa kijiji huingia mto Guadalete, unaozaliwa papa hapa na kumwagika katika Atlantiki kwenye ghuba ya Cádiz, lakini yale ya upande wa mashariki hutafuta njia ya kuelekea mto Guadiaro, unaokwenda kuishia Mediterania, kaskazini-mashariki ya Gibraltar. Wingu moja la Atlantiki, likipasuka juu ya milima hii, huzilisha bahari mbili.

Kijiji chenyewe hakihitaji muda mrefu, lakini kinastahili kutembelewa asubuhi mapema, kabla magari ya wageni hayajafika. Mitaa ni myembamba na imetandazwa mawe, nyumba zimepakwa chokaa mpaka macho yanaumia jua linapochomoza, na madirisha yana nondo za chuma zilizotokeza nje, ambapo wenye nyumba hupanga vyungu vya maua. Paa ni za vigae vya udongo vilivyopinda, zenye mteremko wa kutosha kuyamwaga maji ya dhoruba. Ukitembea mpaka ukingoni, utakuta kibaraza cha kutazamia bonde la Guadalete, na ukigeuka nyuma utauona Peñón Grande ukiwa umesimama juu ya mapaa kana kwamba umeegemea kijiji. Wapanda miamba wenye kamba huupenda sana, nami nilifurahi kuwatazama kutoka chini, kwa kuwa sina ujuzi huo.

Maji ndiyo yaliyokitajirisha kijiji hiki zamani. Katika karne ya 17 na ya 18 Grazalema ilisifika kwa mablanketi na vitambaa vizito vya sufu, na utajiri wake ukawa mkubwa kiasi cha watu kuiita Grazalema Cádiz Ndogo. Kondoo walikuwapo milimani, na katika bonde la karibu liitwalo Ribera de Gaidovar vijito vilizungusha mitambo ya kusagia nafaka na ile ya kuponda sufu, ambayo nyundo zake za mbao zilikigonga kitambaa kilicholoweshwa mpaka nyuzi zikashikamana na kuwa nzito. Viwanda vya mashine vya karne ya 19 viliiua biashara hiyo, watu wengi wakahama. Lakini karakana moja bado inafanya kazi karibu na lango la kijiji, na ndani yake mgeni anaweza kuona mashine za kale na kununua blanketi lililofumwa hapo hapo. Mimi nilinunua la rangi ya kahawia isiyotiwa dawa, rangi ileile aliyozaliwa nayo kondoo, na Lushoto ya mwezi wa Julai inalihitaji.

Kuhusu chakula nitasema machache, ingawa ni jambo linalowagusa wasomaji wengi wa hapa. Jikoni ya milima hii inategemea sana nyama ya nguruwe, na hata ile supu maarufu ya Grazalema, yenye mkate, mayai na majani ya nanaa, kwa kawaida hutiwa soseji yake. Asiyekula nguruwe anapaswa kuuliza kila mara kabla ya kuagiza, kwa sababu mpishi wa huko haoni kipande kidogo cha soseji kama kitu cha kutajwa. Lakini hakuna sababu ya kulala njaa. Kuna kondoo, kuna asali ya milimani, kuna zeituni, kuna mboga ya mwituni yenye miiba iitwayo tagarnina ambayo hupikwa na mayai, na juu ya yote kuna jibini ya maziwa ya mbuzi wa aina ya payoya, mbuzi wa asili wa milima hii, inayotengenezwa hasa katika kijiji jirani cha Villaluenga del Rosario. Jibini iliyokaa kwa miezi mingi, ikaliwa na asali, ni chakula ambacho ningeshauri mtu apande milima kwa ajili yake.

Sasa twende milimani. Safu ya Grazalema ilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi hai mwaka 1977, na mwaka 1984 serikali ya Andalusia ikaifanya kuwa hifadhi ya asili, yenye eneo la zaidi ya hekta 53,000 na vijiji kadhaa ndani yake. Njia ambayo ningemshauri kila mtu aianze, kama ana uwezo wa kutembea kwa saa tano au sita, ni ile ya El Pinsapar, yenye urefu wa kilomita 11 hivi, inayotoka juu ya Grazalema, kando ya barabara ya kwenda Zahara, na kuishia katika kijiji cha Benamahoma.

Njia hiyo imepewa jina kutokana na mti wa pinsapo, ambao ndio hazina kubwa kuliko zote za milima hii. Pinsapo ni jamaa ya misonobari, lakini ukiutazama kwa karibu unaona tofauti: majani yake ni mafupi, magumu, na yamepangwa kukizunguka kijiti pande zote, hivyo tawi likawa kama burashi ya kusugulia chupa. Mti mzima unaweza kufikia urefu wa mita 30. Miti ya aina hii ilienea zaidi zamani, dunia ilipokuwa na baridi. Hali ya hewa ilipopata joto ilirudi nyuma na kupanda juu, mpaka leo imebaki kiasili katika sehemu tatu tu za Uhispania, zote katika milima hii na ya jirani: hapa Grazalema, Sierra de las Nieves na Sierra Bermeja. Ng'ambo ya bahari, katika milima ya Rif nchini Morocco, kuna ndugu yake wa karibu. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Edmond Boissier, alisafiri katika milima hii mwaka 1837, na ndiye aliyeupa mti huu jina lake la kisayansi, Abies pinsapo. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiujua na kuutumia tangu kale.

Njia inaanza kwa kupanda, na kupanda kwenyewe ni kukali, katikati ya misonobari ya kawaida iliyopandwa na watu, huku kijiji kikizidi kuwa kidogo nyuma yako. Baada ya hapo unavuka mgongo wa mlima na kuingia upande unaotazama kaskazini, na hapo kila kitu hubadilika kwa ghafla. Jua halifiki vizuri, mawe yamevaa kuvu na kigoga, hewa ina harufu ya utomvu, na pinsapo zimesimama kwenye mteremko chini ya kilele cha El Torreón, ambacho kina zaidi ya mita 1,640 na ndicho kirefu kuliko vyote katika mkoa wa Cádiz. Nilipita humo siku ya ukungu, na ninasema bila kusita kwamba siku ya ukungu ni bora kuliko siku ya jua. Mti huu unaishi kwa unyevu, kwa hiyo kuuona ukidondosha matone ni kuuona katika maisha yake halisi. Kuna miti mikongwe iliyopinda na kugawanyika matawi makubwa tangu chini, yenye shina ambalo watu wawili hawawezi kulikumbatia, na pembeni yake kuna miche mingi midogo, jambo linalotia moyo sana mtu yeyote aliyewahi kuona msitu wa asili ukikosa watoto.

Adui mkubwa wa pinsapo ni moto. Mwezi Septemba 2021 moto mkubwa uliteketeza maelfu ya hekta huko Sierra Bermeja, na watu wote wanaoipenda miti hii walikaa kwa hofu wakisubiri habari. Ndiyo maana njia hii na nyingine kadhaa za katikati ya hifadhi zinahitaji kibali, idadi ya watembeaji kwa siku ina kikomo, na kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba nyingi hufungwa au huwekewa masharti makali zaidi. Nimewasikia wageni wakilalamika kwamba ni usumbufu. Mimi nauona utaratibu huo kuwa wa haki kabisa. Kibali huombwa mapema, kwa intaneti au katika kituo cha wageni cha hifadhi kilichoko kijiji cha El Bosque, na kinachotakiwa ni kupanga siku zako tu.

Ukishuka mpaka Benamahoma, usiondoke bila kwenda kuitazama chemchemi. Ile mvua yote iliyonywewa na mawe kule juu, chini ya pinsapo, inatokea hapa kama mto uliokwisha kukomaa, baridi na safi kiasi cha kuona kila kokoto. Kutoka hapo, kama miguu bado ina nguvu, au siku ya pili kama haina, kuna njia nyingine inayoufuata mto huo, ambao watu huuita Majaceite, kwa kilomita tano hivi mpaka El Bosque. Hii haina ugumu wowote. Inapita kivulini, chini ya miti ya majani mapana, ikivuka madaraja madogo ya mbao, na wazee na watoto huimudu vizuri. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeiweka hii kwanza kabla ya zote. Fisi maji wanaishi katika mto huu, ingawa mtu anayetembea na kundi la watu asitegemee kuwaona.

Njia nyingine ambayo siwezi kuiacha ni Garganta Verde, korongo refu lililochimbwa na kijito ndani ya jiwe la chokaa, kati ya Grazalema na Zahara. Kuta zake zinafikia mamia ya mita kwenda juu. Tofauti na milima mingine, hapa unaanza kwa kuteremka, kwa hiyo ugumu wote umewekwa akiba kwa ajili ya kurudi. Ni kilomita mbili na nusu hivi za kushuka, sehemu nyingine zikiwa na ngazi za mawe na kamba za kushikilia, halafu kilomita zilezile za kupanda. Mwenye matatizo ya magoti au moyo asijaribu, na hakuna anayepaswa kushuka bila maji ya kutosha. Chini kabisa kuna pango kubwa lililo wazi, ambalo huitwa Ermita, yaani makao ya mtawa. Dari yake imetiwa rangi ya waridi, kijani na kijivu na maji yenye madini yaliyokuwa yakidondoka kwa muda usiohesabika. Mimea inakua kwenye kuta, na sauti ya mtu anayezungumza huzunguka humo kwa muda kabla ya kupotea.

Lakini wengi huja Garganta Verde kwa ajili ya tumbusi. Kundi kubwa la tumbusi wa aina iitwayo Gyps fulvus limejenga viota katika magenge ya korongo hili, na kwa kuwa njia huanzia juu, unapata jambo adimu: unamtazama ndege huyo kutoka juu yake, ukiuona mgongo wake wa rangi ya mchanga na mabawa yenye upana wa karibu mita mbili na nusu, akizunguka taratibu bila kuyapiga hata mara moja. Wanapopita karibu na genge, unausikia upepo ukikata kwenye manyoya yao. Hutaga yai moja tu kwa mwaka, katikati ya baridi, na wazazi wote wawili hushirikiana kulilalia, kwa hiyo mtembeaji anayepiga kelele au kutupa mawe anaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Huku wachungaji bado wapo, mbuzi na kondoo bado wanakufa milimani, na tumbusi ndio wanaosafisha.

Hapa nina habari ambayo ilinifurahisha kuliko nyingine yoyote. Kila vuli, tumbusi wengi vijana wa Uhispania huvuka mlango wa bahari wa Gibraltar, ambao mahali pembamba una kilomita 14 hivi, wakaenda kukaa Senegal na Mali. Ndege wazito kama hawa hutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipo, ndiyo maana hutafuta mahali pafupi zaidi pa kuvukia. Wanaporudi majira ya machipuko, mara kwa mara hufuatana na wageni: tumbusi wa Rüppell, ambao ni ndege wa Afrika, jamaa ya wale wanaozaliana katika magenge ya Hell's Gate nchini Kenya na milima ya Gol karibu na Serengeti. Wamekuwa wakionekana kusini mwa Uhispania tangu miaka ya 1990. Wanaofika huko hutoka Afrika Magharibi, si kwetu, lakini ni aina ileile yenye madoadoa meupe kama magamba kwenye manyoya meusi, na tangu nilipolijua hilo sikuacha kulikagua kila kundi lililopita juu yangu. Sikumwona, na bado ninatamani kumwona.

Kwa wale wanaopenda historia kuliko jasho, kuna Zahara de la Sierra, mwendo wa gari usiozidi saa moja kupitia mwanya wa Puerto de las Palomas, barabara yenye kona kali na mandhari ambayo dereva hapaswi kuyatazama. Zahara imekaa juu ya mwamba mkali, na juu kabisa kuna mnara wa ngome. Chini yake kuna ziwa la rangi ya feruzi, ambalo ni bwawa lililojengwa miaka ya 1990 kwa kuuzuia mto Guadalete, na watu hukodi mitumbwi ya kupiga makasia humo. Mwamba huo ulikuwa mpaka kati ya dola ya Kiislamu ya Granada na wafalme Wakristo wa kaskazini. Mwaka 1407 Wakristo waliuteka. Mwishoni mwa mwaka 1481 Abu'l-Hasan Ali, mfalme wa Granada, aliurudisha kwa shambulio la ghafla, na tendo hilo likawasha vita vya miaka kumi vilivyomalizika Januari 1492 kwa Granada yenyewe kusalimu amri. Ukisimama kwenye mnara unaelewa mara moja kwa nini watu walipigania mahali padogo namna ile, kwa sababu kila anayepita bondeni anaonekana.

Msomaji wa pwani atapenda kujua pia kwamba Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo ya misikiti ya mbao na ukarimu wa sultani wa Kilwa, alivuka kuja Andalusia yapata mwaka 1350 na kukaa Ronda, kama kilomita 30 kutoka Grazalema. Wakati huo Ronda ilikuwa ya Waislamu, na kadhi wake alikuwa mtoto wa ami yake. Mtu aliyeiona Kilwa katika enzi yake aliitazama pia milima hii, na nadhani ni haki yetu kumtaja tunapoizungumzia.

Kati ya vijiji vya Benaocaz na Ubrique kuna barabara ya Kirumi ya kilomita tatu hivi, iliyotandazwa mawe na yenye mifereji ya kupitishia maji pembeni, ambayo mtu anaweza kuitembea kwa saa moja kwa kushuka. Ni fupi, haihitaji kibali, na mawe yake huteleza vibaya yakilowa. Njia ya Salto del Cabrero, inayoonyesha miamba miwili mirefu iliyotenganishwa na ufa mkubwa, ni nzuri pia, hasa mwezi wa Aprili, wakati mpopi wa rangi ya chungwa, ambao ni mmea wa miamba ya huku, unapochanua kwenye nyufa ambapo huwezi kuamini kuna udongo.

Nimeyaacha mwisho maji ya upande wa Mediterania, kwa kuwa ndiyo yenye kisa kikubwa. Mto Gaduares, unaokusanya mvua ya upande wa Villaluenga na Grazalema, huelekea kijiji cha Montejaque, mkoa wa Málaga, na huko huingia chini ya ardhi kupitia mdomo mkubwa wa pango uitwao Hundidero. Miaka ya 1920 kampuni ya umeme ilijenga bwawa refu la zege, la zaidi ya mita 80, mbele ya mdomo huo ili kuyakusanya maji na kuzalisha umeme. Bwawa lilikamilika, lakini halikuweza kuyashika maji. Maji yalipenya kwenye nyufa za jiwe la chokaa, pembeni na chini, na ingawa wahandisi waliingia mapangoni na kujaribu kuziba kwa saruji, mlima ulikuwa na mashimo mengi kuliko uwezo wao. Ukuta ule upo mpaka leo, mzima kabisa, ukiwa umezuia bonde lenye majani na kondoo. Nilisimama juu yake kwa muda mrefu, kwa sababu sijaona popote pengine ushahidi ulio wazi namna hiyo wa jinsi jiwe hili linavyofanya kazi.

Kilomita nne hivi kutoka hapo, upande wa pili wa mlima, maji hayo hutoka katika Cueva del Gato, karibu na kijiji cha Benaoján, yakaanguka katika kidimbwi cha rangi ya kijani kabla ya kuingia mto Guadiaro. Watu huogelea hapo wakati wa joto, na maji ni ya baridi kali hata mwezi wa Agosti. Kuogelea nje ni jambo la kila mtu, lakini kupita ndani ya mlima kutoka Hundidero hadi Gato ni kazi ya wataalamu wa mapango wenye kibali na vifaa, na watu wamepoteza maisha humo.

Benaoján ina pango lingine, kavu, la Cueva de la Pileta. Mwaka 1905 mkulima wa eneo hilo, José Bullón Lobato, aliingia humo akitafuta kinyesi cha popo cha kurutubishia shamba, akakuta michoro ukutani: farasi, mbuzi, ng'ombe wa mwituni, na samaki mmoja mkubwa sana, iliyochorwa na wawindaji wa zama za mawe zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Mtaalamu wa Ufaransa Henri Breuil alikuja kuichunguza mwaka 1912, na mwaka 1924 pango likatangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Hakuna taa za umeme ndani. Wageni huingia kwa makundi madogo wakiwa na taa za mkononi, wakiongozwa, na picha haziruhusiwi.

Kama ningelazimika kumpangia rafiki siku chache tu, ningempeleka mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, au tena mwishoni mwa Oktoba, akae Grazalema kwenyewe na siyo Ronda, kwa kuwa kulala kijijini ndiko kunakokupa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ningemwachia kijiji na karakana ya sufu, siku ya pili El Pinsapar mpaka Benamahoma, siku ya tatu mto Majaceite kwa kupumzika, siku ya nne Garganta Verde, na ya tano Hundidero, Gato na Pileta. Mabasi yapo kutoka Ronda lakini ni machache, na njia nyingi huanzia mahali pasipo na basi lolote, kwa hiyo gari la kukodi la watu wawili watatu wanaochangia ni bora zaidi. Viatu viwe vyenye soli inayoshika, koti la mvua liwemo hata kama anga ni jeupe asubuhi, na maji ya kunywa yabebwe tangu kijijini, kwa sababu juu kwenye mawe hakuna.